Kaka Yangu Kabonyeza Labda

Jumapili, alasiri. Mvua imesimama kidogo lakini mawingu yamekalia mlima, Uluguru hauonekani kabisa, utadhani umehamishwa. Miguu inaniwaka moto, kanga yangu ina tope mpaka kiunoni, na nimekasirika. Nimeikasirikia simu. Nimeikasirikia kalenda. Na kidogo, shajara yangu, nimejikasirikia na mwenyewe, ila hilo tutalifikia, usiniharakishe.

Ijumaa hii inayokuja mwanangu Rukia anaolewa.

Nimeandika hivyo nikasimama nikaisoma tena. Anaolewa! Rukia wangu, mtoto wa mtaa wetu huu wa Mafiga, niliyemsomesha kwa vitumbua na maandazi, leo ni mhandisi wa maji huko Dodoma. Hilo unalijua, nimeshalisema mara nyingi na nitalisema tena: mtu wa Dodoma akifungua bomba maji yakatoka, amshukuru Mungu kwanza halafu amshukuru mwanangu. Mimi niliishia darasa la saba. Yeye anavaa kofia ngumu ya njano, na wanaume wenye mvi zao wanamwita Injinia. Sijisifu. Natoa taarifa.

Sasa huyu Injinia wangu ndiye aliyenileta kwenye balaa hili.

Alikuja likizo fupi, akanikalisha sebuleni akaniambia, "Mama, shughuli yangu sitaki ipangwe kwa kelele. Sitaki watu wapigiane simu usiku na mchana, huyu kaambiwa hivi, yule kaambiwa vile. Kila kitu tutaweka kwenye kalenda ya mtandaoni."

Nikamwuliza kalenda si ile iliyotundikwa ukutani, yenye picha ya mbuga za wanyama? Akacheka mpaka akashika tumbo. Akanifundisha. Unaandika jambo lako, unaweka siku na saa na mahali, unaweka na majina ya watu. Jambo linawafikia wote kwenye simu zao kwa mpigo mmoja. Na chini yake kuna vitufe vitatu: Ndiyo, Labda, Hapana. Mtu anabonyeza kimoja, na wewe ukiwa umekaa kwako unaona kabonyeza nini. Rukia akaniambia watakaobonyeza Ndiyo ndio mpishi atakaowawekea sahani, maana mpishi anataka idadi mapema. Halafu akanipa na ruhusa ya kuongeza watu na kupunguza.

Hiyo ruhusa ndiyo aliyokosea kunipa.

Mwanzoni niliipenda, sitadanganya. Nilijiona katibu wa mkoa. Nikawa naweka kila kitu. Kuchambua mchele, nikaweka. Kuchukua viti, nikaweka, nikaweka na rangi ya kijani. Kumbe kila ninachoweka kinakwenda kwa watu wote, mpaka kwa wakwe zangu watarajiwa wa Kilosa. Siku moja nimeandika "Baba Rukia kunyoa ndevu", iwe ukumbusho wangu mimi na mume wangu, mambo ya ndani kwetu. Likaenda. Baba mkwe, mzee wa watu, mwalimu mstaafu, akalijibu. Alibonyeza Labda.

Mume wangu alikaa siku nzima hasemi na mimi. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa kama kuna kitu kingine kwenye mwili wake ningependa ukoo wa Kilosa ukijadili.

Hayo ni madogo. Na ile kengele yake! Nipo kwenye maulidi kwa jirani, watu wametulia, simu inalia ndani ya mkoba inanitangazia kwamba tukio la kuloweka kunde linaanza baada ya dakika kumi. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nilivumilia, nikasema ni ya mwanangu, ndio maendeleo.

Sasa nifike kwa kaka.

Kaka yangu Salehe ndiye aliyenitangulia tumboni mwa mama yetu. Yeye hakushuka mjini kama mimi, amebaki Kinole, huko mlimani, na migomba yake na mikarafuu. Kwa asiyejua mambo yetu Waluguru, mtoto kwetu ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo mjomba hatumhesabu kama mgeni mwalikwa. Baba ndiye anayeozesha mbele ya shehe, hilo liko wazi, lakini mjomba asipoonekana pale mkekani wazee watakunywa chai mpaka ipoe na hapana atakayefungua mdomo. Na wakwe watauliza, kwa adabu tu: mjomba wa binti yuko wapi? Hapo utajibu nini? Utasema yuko kwenye simu?

Kaka ana simu ya kisasa, si mtu wa nyuma. Rukia mwenyewe ndiye aliyemnunulia, kioo kimepasuka lakini inafanya kazi. Kwa hiyo Rukia alimtumia mwaliko yeye wa kwanza kabisa. Na mimi nikawa nafungua kalenda asubuhi na jioni kama mtu anayechungulia chungu.

Jibu likaja. Labda.

Nilisafisha miwani. Nikasoma tena. Salehe: Labda.

Kesho yake wakafuata watu wote wa mlimani. Wifi, Labda. Binamu zetu, Labda. Wale watoto wa mama mdogo niliowalaza kwangu walipokuja kusoma mjini, waliokula ugali wangu, Labda, Labda. Ilikuwa kama wamekaa kikao. Watu wa ofisini kwa Rukia ambao siwajui hata sura walishabonyeza Ndiyo siku ileile, na ukoo wangu mzima umekaa katikati kama watu waliopanda ukuta hawajui waangukie wapi.

Niliumia. Nisipoandika hapa niandike wapi? Niliumia kwa sababu najua maneno yanayosemwa huko juu. Kwamba mimi nimekuwa wa mjini. Kwamba nampandisha mwanangu mabegani kila ninapokaa. Ni kweli nampandisha, ana uzito gani? Lakini nilijiambia, basi ndio huu wivu umejitokeza, kaka yangu wa kuzaliwa anataka kuniaibisha mbele ya watu wa Kilosa.

Jirani yangu Mama Neema akanikuta uani nimekaa kama nimefiwa. Mama Neema ni mtu wa Moshi, alimfuata mume aliyepata kazi kiwandani hapa, na ni mwanamke mwenye moyo mzuri. Yeye mwaliko wake hata haujapoa alishabonyeza Ndiyo. Nikamwonyesha simu.

"Labda?" akasema. "Mjomba mtu?"

"Mjomba mtu."

"Shoga, kwetu mtu akikuambia labda, hiyo ni hapana imevaa suti."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mfute! Unamkalia kimya wa nini? Afutwe, ataiona ladha yake. Kesho anakupigia mwenyewe anakubembeleza."

Simlaumu Mama Neema. Mdomo ulikuwa wake, lakini kidole kilikuwa changu. Jumatatu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, niliwapitia watu wa mlimani mmoja mmoja nikawaondoa. Kaka yangu nikamwacha wa mwisho. Simu ikaniuliza kama nataka kuwaarifu wageni walioondolewa. Ningeweza kusema hapana. Nilibonyeza ndiyo, na nilibonyeza kwa raha. Nilitaka waione.

Nikakaa nasubiri kaka apige.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Alhamisi nikaanza kuzungumza peke yangu. Hata kuuliza? Hata kunigombeza? Mtu unamfuta kwenye harusi ya mpwa wake na hasemi hata "kulikoni"? Nikamwambia Baba Rukia, unaona, hana haja na sisi, kashangilia kupunguziwa safari. Baba Rukia akageuza upande mwingine wa gazeti.

Ijumaa asubuhi nikaenda sokoni kununua nazi. Kuna mama mmoja wa Kinole anauza ndizi pale, tunafahamiana kwa sura. Aliponiona akaacha wateja wake, akaja akanishika mikono miwili.

"Pole mdogo wangu. Pole sana."

"Pole ya nini tena, dada?"

"Mungu atampa mwingine mwema zaidi. Yule hakuwa wake."

"Nani hakuwa wa nani?"

Akashusha sauti. "Huyo mwanamume wa mtoto. Usinifiche, huko kwetu tunajua wote. Imekuja kwenye simu za watu, imeandikwa kabisa: Ndoa ya Rukia, tukio limeghairiwa."

Nazi zilinitoka mkononi. Kweli kabisa, zilibingirika mpaka kwenye meza ya dagaa.

Mimi nilidhani nimewaambia "hamjaalikwa". Kumbe simu imewaambia ndoa imevunjika! Mwanangu, Injinia, mwenye mchumba anayempigia simu mara tatu kwa siku mpaka anachosha, huko mlimani watu wanamwombea dua kama mwanamke aliyeachwa mlangoni. Na habari ikivuka mlima ikafika Kilosa kwa wakwe, je? Watafikiri sisi ndio tuliotangaza kuvunja, bila hata kuwatumia mjumbe.

Nikampigia kaka palepale sokoni. Hapatikani. Nikampigia wifi. Hapatikani. Mvua hii ya wiki nzima, jua hakuna, na simu zao zinachajiwa kwa sola. Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu yote, maana mengine nilikuwa nimemficha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja gazeti.

"Umemfuta kaka yako kwa kidole, Mama Rukia. Basi mpandie kwa miguu."

Ndiyo maneno yake yote. Huyu mwanamume husema mara moja kwa mwezi na akisema unatamani angenyamaza.

Jana nikapanda. Gari liliishia Mkuyuni, dereva akasema mbele hapitiki. Nikachukua bodaboda, nayo ilipozama kwenye tope mara ya pili kijana akaniambia, "Mama, hapa tuombane radhi tu." Nikashuka, nikafunga kanga vizuri, viatu nikavishika mkononi. Njia ile niliipanda utotoni nimebeba mzigo kichwani na sikuhema. Jana nilihema kama mbuzi wa kafara. Kila kona nilijipangia maneno. Kona ya kwanza nilikuwa nimepanga kumlaumu kaka. Kona ya juu zaidi nilikuwa nimebakiwa na pumzi za salamu tu.

Nilipoingia kwenye shamba lake niliona kitu sikukielewa. Mikungu mikubwa mikubwa, ile inayofaa kabisa, imefungwa vitambaa vya kanga kuukuu. Migomba mingine haina. Nikajua anafanya hivyo kuonyesha imeshapata mwenyewe, isikatwe. Nikajiuliza ni mnunuzi gani huyo tajiri.

Wifi aliniona kwanza. Akatupa jembe, akanikumbatia na tope langu, akaanza kulia. Mimi nikalia pia, sijui hata nilikuwa nalia kitu gani. Kaka alikuwa barazani ananoa panga. Hakusimama.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mtoto yuko na nani?"

Nilitegemea matusi, na swali hilo sikuwa nalo kwenye maandalizi yangu.

"Yuko Dodoma, kaka. Kazini."

"Umemwacha peke yake kwenye hali hiyo? Amelia sana?"

"Hajalia, kaka. Ndoa ipo. Ijumaa."

Akaacha kunoa. Wifi akaacha kulia katikati ya kwikwi. Ikabidi nieleze, na shajara yangu, hakuna kitu kigumu duniani kama kumweleza kaka yako mkubwa umefanya nini kwa kidole ukiwa umekaa kwenye kigoda. Nikaeleza kalenda. Nikaeleza kufuta. Nikasema mimi nilitaka ujue nimekasirika, sikujua simu itasema imeghairiwa.

"Ulikasirikia nini?"

"Ulibonyeza Labda."

"Ulitaka nibonyeze nini?"

"Ndiyo! Ubonyeze Ndiyo, kaka, kama watu wote!"

Akaweka panga chini. Halafu akasema, na hakuwa na ukali wowote, "Mwajuma, baba yetu uliwahi kumsikia anasema 'nitakuja' akanyamaza hapohapo, asimtaje Mungu?"

Sikuwahi. Hata siku moja. Hata akienda kisimani tu alisema inshallah.

"Harusi ilikuwa bado wiki tatu," kaka akaendelea. "Mimi ni nani wa kuahidi wiki tatu? Nimekitafuta kitufe cha inshallah kwenye hiyo kalenda yenu sikukiona. Kuna Ndiyo, ambayo ni kiburi. Kuna Hapana, ambayo ni uongo. Nikabonyeza cha katikati. Watu wakaniuliza msikitini wabonyeze wapi, nikawaambia bonyezeni katikati, ndiyo adabu."

Kumbe kikao kweli kilikaa! Kilikaa msikitini, na mwenyekiti alikuwa kaka yangu.

Nilitaka kucheka lakini yeye hakuwa amemaliza. Akahamia Kiluguru, na kaka akihamia Kiluguru ujue maneno yanatoka chini. Aliniambia kwamba ile Jumatatu ujumbe ulipofika alikaa pale barazani mpaka chai ikapoa. Hakunipigia kwa sababu jambo kama hilo haliulizwi kwenye simu. Alijua nina aibu, akaniachia nipande mwenyewe nikiwa tayari. Kila siku alikuwa anaangalia njia. Mnunuzi alipanda kutoka mjini akazitaka zile ndizi zenye vitambaa, akakataa kuziuza. Zilikuwa za Rukia. Alizitenga siku ileile aliyobonyeza Labda. Hata baada ya kusikia ndoa imevunjika hakuona vyema kuuza chakula cha harusi ya mtoto wake.

"Siku zote hizo nilidhani dada yangu ana msiba," akasema. "Kumbe dada yangu ana hasira tu."

Akanyanyuka akaenda shambani.

Hayo ndiyo yaliyoniuma, na bado yananiuma sasa hivi naandika. Angenitukana ningejua pa kushika. Mimi niliyeswali nyuma ya baba yuleyule, niliyelelewa na inshallah ileile, nimekaa mjini mpaka nimesahau kuisikia. Nikaona Labda nikaona wivu. Nilikuwa namdhania kaka yangu ubaya wakati yeye anafunga vitambaa kwenye migomba.

Alirudi baadaye sana, na mkungu mmoja begani, akamwambia wifi anipikie, mgeni ana njaa. Mgeni! Nilijua bado ana kinyongo. Nikala. Nilipomaliza nikapiga magoti pale barazani, mimi na umri wangu, nikamwomba radhi sawasawa, bila kutaja simu wala Mama Neema wala mvua. Akasema, "Inuka, tope litamchosha wifi yako kufagia." Basi. Kwa kaka yangu huo ni msamaha mkubwa, tena una mapambo.

Leo asubuhi nikatoa pawabanki, lile tofali la kuchajia aliloninunulia Rukia, na kwa kweli nikamsifia mbele yao kwa kununua kitu imara. Tukaiamsha simu ya kaka. Mtandao unapatikana chini ya mkarafuu mmoja tu, ukisimama upande wa bondeni, tukasimama pale watatu kama tunasubiri kupigwa picha. Nikampigia Rukia, nikamweleza kwa kifupi sana. Nikasikia anavuta pumzi.

"Mama. Umetangaza nimeachika."

"Kidogo tu mwanangu. Mlimani tu."

"Naomba ruhusa yangu ya kalenda nikunyang'anye."

"Ninyang'anye. Ila warudishe watu wangu kwanza."

Akawarudisha wote. Simu ya kaka ikalia mkononi mwake. Akaifungua taratibu, akavaa miwani, akanitazama mimi kwanza, halafu akanyoosha kidole chake kikubwa cha jembe na akabonyeza Labda. Akabonyeza kwa nguvu, kama anagonga muhuri.

Wifi alicheka mpaka akashikilia mti. Na mimi nikacheka, na yeye mwisho akacheka, tukawa watatu tunacheka chini ya mkarafuu kama wehu.

"Nitashuka Alhamisi na ndizi," akaniambia akinisindikiza. "Mungu akijalia njia."

Na hiyo njia niliiona nikishuka. Sehemu moja ukingo umeporomoka na nusu ya barabara, mawe yamelala chini kwenye migomba ya watu, na mvua bado ipo. Nilisimama pale nikaangalia. Ndipo nikaelewa kwamba kaka hakuwa anasema maneno ya heshima tu. Inawezekana kabisa Alhamisi asipite. Anataka kuja kwa moyo wake wote na bado haijui Alhamisi. Mimi je, naijua? Nina mchele, nina viti, nina hema, nina vitu vyenye rangi ya kijani na vyenye rangi ya zambarau kwenye kalenda, na Ijumaa siijui kama yeye asivyoijua.

Nimefika nyumbani, nimekunywa maji, nimefungua kalenda. Ruhusa ya kufuta watu Rukia ameshaninyang'anya kweli, mtoto huyu hacheleweshi jambo. Imebaki jibu langu mwenyewe tu. Mama wa bibi harusi: Ndiyo. Imekaa pale kifua mbele.

Nikaibadilisha. Nikaweka Labda.

Haikupita muda simu ikalia.

"Mama! Umefanya nini tena? Mama wa bibi harusi unaweka Labda? Watu wa Kilosa wanaona!"

"Waone, mwanangu. Nitakuwepo inshallah."

Nikasikia amekaa chini. Kiti chake cha ofisi kina mlio, naujua, maana Jumapili pia anafanya kazi, mtoto ana bidii huyu. Akaniuliza sasa yeye mpishi amwambie nini, sahani ngapi, kalenda nzima imejaa Labda.

Nikamwambia amwambie apike kwa wote. Wa Ndiyo, wa Labda, na wa Hapana pia, wasije wakabadili mawazo wakiisikia harufu ya pilau. Akasema, "Haya mama," kwa ile sauti ya Injinia anayeona bomba limelazwa vibaya lakini maji yanatoka.

Mvua imeanza tena, naisikia kwenye bati. Kuna mama mkwe wa Kilosa wa kumpigia kabla habari za mlimani hazijamfikia, na nitampigia kwa mdomo wangu, si kwa kitufe. Kuna kunde za kuloweka. Kuna mume wa kunyolewa ndevu. Na juu kule kuna kaka yangu anaangalia mawingu yaleyale ninayoyaangalia mimi.

Mungu wangu, ishike hiyo barabara mpaka Alhamisi. Ijumaa ikishapita, iachie iporomoke wakati wowote utakao.